Ngome Isiyo na Mawe

Tulipokuwa shule ya msingi huku Kilifi, safari ya historia ilikuwa moja tu: Gede. Tunapanda basi na chapati zetu, tunafika, tunazunguka kuta za mawe ya matumbawe, tunarudi. Kaya hatukupelekwa. "Kule ni msitu tu," tuliambiwa.

Msitu tu! Wazee wa Kimijikenda husimulia kwamba walitoka Singwaya, kaskazini, wakikimbia Waoromo, ambao wao waliwaita Wagala. Walipofika kwenye vilima vya nyuma ya pwani hawakufyeka kila kitu. Walisafisha uwanja katikati, wakazika fingo la kuwalinda, wakazungushia boma la magogo, na msitu uliobaki wakauacha uwe ukuta wa nje. Kuingia ni kwa vijia vyembamba vyenye milango. Adui asiyevijua angehangaika vichakani kabla ya kuona paa hata moja.

Uingereza nako kuna ngome za miti na udongo. Baada ya 1066 Wanormani walirundika vilima vya udongo, wakavizungushia uzio wa mbao. Mbao zimeoza, vimebaki vilima vyenye nyasi, na watu wa kule huvitunza kama historia yao.

Kumbe hata walipokuja kututawala walijua kaya ni nini. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama Kaya Fungo. Wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume cha fisi: hakuna kulipa kodi, hakuna kutoa vijana wakafanye kazi za mzungu. Mekatilili akakamatwa, akapelekwa mbali, Kisii. Agosti 1914 serikali ikailipua kaya kwa baruti. Sasa niambie, nani hupoteza baruti yake kwa msitu tu?

Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya katika orodha ya urithi wa dunia. Ni sawa, lakini karatasi haizuii shoka. Magogo ya boma yalishaoza zamani. Ukuta uliobaki ni miti, na kila gunia la mkaa linalotoka mle ni kipande cha ukuta. Jiwe la Gede likianguka, fundi hulirudisha. Mti wa kaya ukianguka, mjukuu wako ndiye atakayeusubiri.

Safari ijayo, walimu, basi lipite na kaya. Wazee waombwe ruhusa kwanza.