Waliomwigiza Moi Waliamini Nini?

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, sauti ya Rais Daniel arap Moi ilikuwa na mwenyewe mmoja tu hewani. Taarifa ya habari ya KBC, idhaa ya serikali, ilianza naye, hata siku ambayo kazi yake yote ilikuwa kwenda kanisani. Mtukufu Rais amefanya hili, Mtukufu Rais amewaonya wale. Ganze, Bamba na Vitengeni, huko Kilifi, Pwani, maneno hayo yalifika kwa redio ya betri. Runinga ilikuwa ya mwenye duka, Greatwall isiyo na rangi iliyounganishwa na betri ya gari, na watu wakikaa mbele yake kimya kama walio barazani kwa chifu. Mtoto wa huko aliitambua sauti ile ya kukwaruza kabla hajajua kusoma.

Kisha vijana watatu kutoka Chuo Kikuu cha Kenyatta wakaichukua. Walikuwa Walter Mong'are, aliyekuja kujulikana nchi nzima kama Nyambane, Tony Njuguna na John Kiarie, au KJ, ambaye pia alikuwa mchoraji wa vibonzo. Walijiita Redykyulass, na kipindi chao kikapata umaarufu katika runinga ya Nation, iliyoingia hewani Desemba 1999. Nyambane aliikwaruza sauti yake, akapanga maneno kwa mwendo ule ule wa Ikulu, na Moi wakawa wawili. KBC ilikuwa imewafundisha Wakenya sauti hiyo kila jioni kwa miaka mingi. Hakuna mwigizaji aliyewahi kupata watazamaji walioandaliwa vizuri kuliko hao.

Pwani ilijua bei ya kuitania serikali. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa miaka mitatu, kuanzia 1969, kwa waraka uliouliza Kenya inakwenda wapi. Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini siku ya mwisho ya 1977, baada ya mchezo wake wa Kamĩrĩĩthũ kupigwa marufuku. Wahome Mutahi, aliyewachekesha wasomaji wa gazeti kila wiki, alikamatwa mwaka 1986. Kwa hiyo kichekesho cha Nyambane kilipofika mangweni, wanakonywa mnazi, kikisimuliwa na watu ambao hawakukiona wenyewe, swali halikuwa kama kinachekesha. Swali lilikuwa: huyu kijana ni wa nani?

Kwa Ganze swali hilo halikuwa la mbali. Noah Katana Ngala, mwana wa Ronald Ngala na mbunge wa Ganze, alikuwa waziri katika serikali ya Moi. Machi 2002, KANU, chama cha Moi, ilipokutana Kasarani, alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wanne wa mwenyekiti wa chama, pamoja na Uhuru Kenyatta, Kalonzo Musyoka na Musalia Mudavadi. Kumcheka Moi katika duka la Ganze kulikuwa kumcheka bwana mkubwa wa mbunge wako.

Watazamaji wengi waliamua haraka: vijana hawa ni wa upinzani. Nani mwingine angethubutu? Lakini ujasiri wao ulikuwa na mlango uliofunguliwa na watu wengine. Mwaka 1997, kabla ya uchaguzi, wabunge wa KANU na wa upinzani walikubaliana marekebisho yaliyojulikana kama IPPG, na miongoni mwa yaliyofutwa ni sheria ya uchochezi, ile iliyokuwa imewapeleka wengi gerezani kwa sababu ya karatasi tu. Moi alikuwa katika muhula wake wa mwisho. Runinga za watu binafsi zilikuwa zinagombania watazamaji. Siwapunguzii heshima vijana wale. Ila mtu hawezi kupima imani ya mwigizaji kwa kumtazama akipita mlango ambao hauna tena askari.

Ganze ina kipimo chake cha zamani zaidi. Mnyazi wa Menza, aliyejulikana kwa jina la Mekatilili, alizaliwa Mutsara wa Tsatsu, upande wa Bamba. Mwaka 1913, Waingereza walipokuwa wakidai kodi ya nyumba na vijana wa kwenda kufanya kazi mashambani, aliwaita watu kwa ngoma. Alicheza kifudu, ngoma ya mazishi, akitoka kijiji kimoja hadi kingine, na watu wakamfuata wakicheza. Kutoka kwenye ngoma walikwenda Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, ambako wanawake walikula kiapo cha mukushekushe na wanaume cha fisi, kwamba hakuna atakayewatumikia wageni. Alikamatwa Oktoba 1913 pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 walitoroka na kurudi nyumbani kwa miguu. Agosti mwaka huo serikali ililipua kaya kwa baruti.

Nimemtaja kwa sababu kwake ngoma na siasa havikutenganishwa hata kwa unywele. Mtazamaji wa kifudu chake hakuhitaji kuuliza anaamini nini. Naye hakuwakuta Wagiriama wakiwa wamekwisha kukubaliana ndipo akawatumbuiza. Wazee wengi walikuwa wakiitikia serikali, wengine kwa woga, wengine kwa mshahara wa uchifu. Yeye ndiye aliyeugeuza umati.

Runinga ya Kenya ilianza mwaka 1962 na kutaifishwa miaka miwili baadaye kwa jina la Sauti ya Kenya, KBC ya baadaye, na ilijengwa juu ya kanuni iliyo kinyume cha ngoma ya Mekatilili. Mwigizaji alikuwa mtu wa idhaa ya serikali, na imani yake ya kisiasa ilikuwa jambo la kukaa nalo nyumbani. Vioja Mahakamani, chenye kina Ondiek Nyuka Kwota, Olexander na Makokha, kilifundisha sheria kwa kicheko: usiibe, usitengeneze chang'aa, usimpige mke wako. Mshtakiwa alikuwa mlalahoi daima. Sikumbuki waziri akipandishwa kizimbani pale.

Hata hivyo, mtu mmoja wa idhaa hiyo ananisumbua kila ninapofikiria habari hizi. Benson Wanjau, Mkikuyu, aliigiza Mzee Ojwang' Hatari katika Vitimbi kwa miaka mingi, na Ojwang' alikuwa mzee wa Kijaluo kwa lafudhi, kwa kiburi, kwa kila kitu. Siasa za Kenya tangu ugomvi wa Jomo Kenyatta na Oginga Odinga mwaka 1966 zilikuwa zimewafundisha watu wa jamii hizo mbili kutoaminiana. Wanjau alikaa ndani ya ngozi ya jirani huyo, pamoja na Mary Khavere aliyekuwa Mama Kayai, na nchi ikawapenda. Sina habari kwamba aliwahi kupanda jukwaa la chama chochote kwa imani. Alifariki Julai 2015, na watazamaji wengi wakashangaa kusoma jina lake halisi kwenye tanzia. Ukiniuliza mimi, ile ilikuwa siasa, tena nzito kuliko nyingi zilizokuja na kampeni.

Turudi kwa KJ, kwa kuwa ndiye aliyeweka imani yake kwenye karatasi ya kura. Mwaka 2007 aligombea ubunge wa Dagoretti, Nairobi, kwa tiketi ya ODM, chama cha Raila Odinga, dhidi ya Beth Mugo, mpwa wa Jomo Kenyatta. Kwa kijana Mkikuyu, katika jimbo lenye Wakikuyu wengi, mwaka ambao Mwai Kibaki na Raila Odinga walikuwa wakivutana hadi nchi ikachanika, huo haukuwa uamuzi wa kutafuta makofi. Pwani, iliyoelemea ODM mwaka ule, ingemwelewa. Dagoretti haikumwelewa. Alishindwa.

Miaka kumi baadaye alirudi, mara hii na Jubilee ya Uhuru Kenyatta, na Dagoretti Kusini ikampa kiti. Mwaka 2022 alikihifadhi akiwa na UDA ya William Ruto, na akawa mwenyekiti wa kamati ya Bunge la Kitaifa inayohusika na mawasiliano na habari. Juni 2024, vijana walipojaza barabara kuupinga Mswada wa Fedha, alisimama bungeni akatilia shaka picha za maandamano zilizokuwa zikisambaa. Wengi waliokua wakimtazama katika Redykyulass waliona wamesalitiwa.

Mimi nasita kulitumia neno hilo. Watu wa Ganze wenyewe walimchagua Teddy Mwambire wa ODM mwaka 2017, na mwaka 2022 wakamchukua Kenneth Kazungu Tungule wa PAA, chama cha Amason Kingi, ambaye alikuwa gavana wa Kilifi kwa tiketi ya ODM kabla ya kwenda na Ruto na kuwa Spika wa Seneti. Kuhama chama si ajabu huku. Ninachokiona kwa KJ ni kitu kingine. Mwaka 2007 alikwenda kinyume na ukumbi wake na ukumbi ukamtoa. Tangu hapo hajawahi kusimama mbali nao: Dagoretti ilipokuwa ya Uhuru, alikuwa wa Uhuru, na ilipohamia kwa Ruto, akahamia. Mchekeshaji mzuri ana sikio la kusikia ukumbi unataka nini dakika moja kabla haujajua wenyewe. Sikio hilo hilo hushinda uchaguzi. Kama ndilo imani, hilo ni jambo lingine.

Nyambane alifuata njia yake. Alifanya kazi Ikulu wakati wa Uhuru, nyumba ile ile aliyokuwa akiiigiza, na mwaka 2022 akataka kuwania urais wenyewe kwa chama cha Umoja Summit. Tume ya uchaguzi ilimkubalia, kisha ikamkatalia kwa sababu ya shahada. Wengine waliokuja nyuma yao walikwenda haraka zaidi. Felix Odiwuor, Jalang'o wa Papa Shirandula, aliingia bungeni mwaka huo kwa ODM kutoka Lang'ata, na chini ya mwaka mmoja alikuwa matatani na chama chake kwa kwenda kumwona Ruto Ikulu. MC Jessy wa Churchill Show alikitaka kiti cha Imenti Kusini, akakikosa. Tanzania nayo iliona ya Wema Sepetu, mrembo wa taifa wa 2006 aliyegeuka mwigizaji: Februari 2017 alitangaza kujiunga na Chadema, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi CCM.

Anayevuruga hesabu yangu yote ni Cleophas Malala, ingawa yeye ni mtunzi wa jukwaani. Mwaka 2013 mchezo wake kuhusu mgawanyo mbaya wa mali ya nchi, ulioigizwa na wasichana wa shule ya Butere, ulipigwa marufuku hadi Mahakama Kuu ikaamuru uchezwe. Alipata useneta wa Kakamega, na mwaka 2023 akawa katibu mkuu wa chama tawala, UDA. Aliondolewa mwaka uliofuata. Aprili 2025 alirudi na mchezo mwingine, wa vijana wanaoidai serikali iwasikilize, na waigizaji walikuwa tena wasichana wa Butere. Mahakama iliamuru tena uchezwe. Polisi walimkamata Malala alipokuwa akienda kukutana na wanafunzi Nakuru, wakatupa mabomu ya machozi nje ya tamasha la maigizo la shule, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa na kushuka jukwaani, wakikataa kuigiza bila yeye. Kati ya mtunzi wa 2013, katibu wa 2023 na mahabusu wa 2025, sijui ni yupi wa kuulizwa imani yake. Wale wasichana, hata hivyo, hakuna aliyehitaji kuwauliza.