Maneno 66 na Kopo la Aiskrimu

Mwaka 1991, Terry Davis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, huko Shreveport, walitunga jaribio jepesi kwa kulitazama. Mgonjwa anakabidhiwa orodha ya maneno yanayotumika hospitalini, anayasoma kwa sauti, na mpimaji anaweka alama. Mwaka 1993 orodha ya awali ya maneno 125 ilipunguzwa, yakabaki 66. Inaanza na maneno mafupi ya Kiingereza, kama yale ya mafuta, mafua na kidonge, kisha inapanda hadi majina ya maradhi yanayomkwaza hata msomi. Kipimo hicho, REALM, kinakamilika kwa dakika mbili au tatu, na katika kliniki yenye foleni hilo si jambo dogo.

Dhana ya uelewa wa afya, yaani uwezo wa mtu kupata, kuelewa na kutumia habari za afya, ilikuwa imeshatajwa na Scott Simonds tangu 1974, lakini kwa karibu miaka ishirini ilikuwa haina rula.

REALM, hata hivyo, haimuulizi mtu kama anajua maana ya neno alilotamka. Pengo hilo ndilo walilolilenga Ruth Parker, David Baker, Mark Williams na Joanne Nurss walipotoa kipimo cha TOFHLA mwaka 1995. Humo mgonjwa husoma maelezo halisi ya hospitali yaliyoachwa nafasi wazi, akachagua neno la kujaza, kisha akajibu maswali ya hesabu kutokana na kibandiko cha chupa ya dawa au kadi ya miadi. Jaribio zima huchukua kama dakika 22. Mwaka huohuo matokeo yake kwa wagonjwa 2,659 wa hospitali mbili za umma, moja Atlanta na nyingine eneo la Los Angeles, yaliwashtua madaktari: asilimia 42 hivi hawakuelewa maelekezo ya kumeza dawa tumbo likiwa tupu, na karibu asilimia 60 hawakuielewa fomu ya kawaida ya ridhaa. Mwaka 1996, utafiti mwingine wa Atlanta ulionyesha kuwa miongoni mwa wasomaji dhaifu waliokiri shida yao, takribani theluthi mbili hawakuwahi kumwambia hata mwenzi wa ndoa. Aibu ya namna hiyo inatosha kumfanya mpimaji afikiri mara mbili kabla ya kumtaka mtu mzima asome kwa sauti mbele ya wengine.

Mwaka 2005 Barry Weiss na wenzake walikuja na kibandiko cha kopo la aiskrimu na maswali sita. Ukila kopo zima, umekula kalori ngapi? Mwenye mzio wa karanga ale au asile? Dakika tatu, basi. Ni kipimo cha werevu, ingawa kinachukulia kwamba anayepimwa amezoea kusoma vibandiko vya vyakula vya dukani.

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa imejificha kwenye lugha. REALM inafaa kwa Kiingereza kwa sababu tahajia yake ni ya kuviziana: asiyekutana na neno mara nyingi hulikosea akilitamka. Kihispania hakina mtego huo, kwani ajuaye herufi zake husoma karibu kila neno sawasawa. Ndiyo maana Shoou-Yih Lee na wenzake, mwaka 2006, walipounda kipimo cha maneno 50 kwa wasemaji wa Kihispania wa Marekani, walimtaka msomaji pia achague neno linalohusiana na lile alilolisoma. Kiswahili kiko upande huohuo. Mtoto wa darasa la tatu atalisoma "shinikizo la damu" bila kukwama, na hatajua ni nini. Kuitafsiri REALM kwa Kiswahili ni kupoteza karatasi.

Ulaya ilishika njia nyingine. Utafiti wa nchi nane uliofanyika 2011 ulitumia dodoso la maswali 47 kuwauliza watu wenyewe wanaona ugumu gani kupata, kuelewa, kutathmini na kutumia habari za afya. Karibu nusu ya wahojiwa elfu nane walionekana kuwa na uelewa mdogo. Uholanzi ilikuwa chini ya theluthi, Bulgaria zaidi ya asilimia 60. Lakini dodoso la aina hii hupima jinsi mtu anavyojiona, na wapo wanaojiamini kupita wanavyojua. Kwa anayetaka kuchora ramani ya taifa linafaa. Daktari anayetaka kujua kama mgonjwa aliye mbele yake ataelewa dozi atafute kingine.

Tanzania ilikuwa imekwisha kupima kwa namna yake kabla dhana yenyewe haijapewa jina. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Watathmini hawakuridhika na majibu ya maswali. Walikagua nyumba katika vijiji vya sampuli, kabla na baada ya kampeni, wakihesabu mambo yanayoonekana kwa macho: kama kuna choo, kama mazingira ya nyumba ni safi. Njia hiyo haimpi mtu mmoja mmoja alama, wala haisemi nani ndani ya nyumba alielewa nini. Ila asiyejua kusoma, ambaye REALM ingemwandikia sifuri, huko alihesabiwa sawa na mwenzake aliyesoma.