Lowell, mji uliofuma merikani

Neno "merikani", jina la kile kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi, lilifika Unguja pamoja na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Katika jimbo hilohilo, kando ya mto Merrimack, ndiko ulikochipuka mji wa Lowell.

Mto huo huporomoka takriban mita 10 kwenye maporomoko ya Pawtucket. Wenye mitaji kutoka Boston waliona nguvu ya bure, wakachimba mifereji, na mwaka 1823 magurudumu ya maji yakaanza kuzungusha mashine za kusokota na kufuma.

Waliozihudumia wengi walikuwa wasichana wa mashambani. Kengele iliwaamsha kabla ya jua, wakashinda kazini saa 12 au 13. Madirisha yalifungwa hata wakati wa joto kali, maana hewa kavu hukata uzi. Mfumaji alipobadilisha kibunzi cha uzi, aliweka mdomo kwenye tundu la kile chombo kidogo cha mbao kinachokwenda kushoto na kulia, akaufyonza uzi utokeze, na vumbi la pamba likaingia kifuani.

Ujira ulipopunguzwa mwaka 1834, waligoma. Walishindwa, wakagoma tena mwaka 1836. Ujasiri huo unastahili heshima kuliko matofali yote ya Lowell. Na pamba yenyewe? Ilichumwa na watumwa wa Kusini mwa Marekani.

Tangu 1978 eneo la viwanda vya Lowell ni hifadhi ya taifa. Katika kiwanda cha Boott mashine kadhaa bado huwashwa, na sakafu hutetemeka.