Mpango Mzima au Hatua kwa Hatua?

Jina la Kibaoni, mkoani Katavi, lina fundisho ndani yake: kibao humwonyesha msafiri njia, lakini hakimwambii kama mto ulio mbele umefurika. Ndivyo ulivyo mpango wo wote. Watengenezaji wa programu za simu hubishana juu ya njia mbili: kuandika mpango mzima kabla ya kuanza kazi, ama kujenga sehemu ndogo, kuwapa watumiaji, kisha kuisahihisha. Njia ya pili ilitangazwa mwaka 2001 na watu 17 waliokutana Utah, Marekani. Lakini hoja yenyewe imo tangu zamani katika historia yetu.

Reli itokayo Mpanda huungana na reli ya kati huko Kaliua, na mbele yake ni Urambo. Hapo, na huko Kongwa na Nachingwea, Serikali ya Uingereza ilikusudia mwaka 1946 kulima mashamba makubwa mno, hasa kwa ajili ya karanga. Hesabu zilitangulia, majaribio madogo yakarukwa. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu, mvua ikapungua, mitambo ikaharibika. Mwaka 1951 mpango uliachwa, nao ulikwisha kula pauni zipatazo milioni 36.

Tutazame sasa Kenya. Mwaka 2005 M-Pesa ilianza kama jaribio la kulipa mikopo midogo kwa simu. Watumiaji wenyewe wakaigeuza, wakawa wanatumiana fedha. Waliosimamia jaribio waliliona jambo hilo, wakabadili kusudi lao, na Machi 2007 Safaricom ikaifungua kwa umma kuwa huduma ya kutuma fedha nyumbani. Mwaka 2008 ikafika Tanzania.

Je, tuseme kwamba hatua ndogo ni bora daima? La. Hata katika M-Pesa, fedha za watu ziliwekwa benki chini ya wadhamini. Hilo halikuwa jambo la kubahatisha. Penye ujuzi mchache na kosa lirekebishikalo, yafaa kuanza kidogo. Penye kosa lisilorudishika, hapana budi kupanga kwa ukamilifu.

Basi, kabla ya kuchagua njia, yatupasa kuuliza: kosa likitokea, nani atalilipa? Mtengenezaji hurekebisha programu yake kwa siku chache. Mkulima wa Kibaoni, aliyeuza mpunga kwa kuamini bei ya uongo iliyo katika simu, hungoja msimu mwingine. Huyo ndiye astahiliye kuulizwa kwanza.