Taabu Iliyoijaribu Imani ya Songea

Wako watu wasemao ya kuwa taabu huzaa imani kama mvua ioteshavyo mahindi. Neno hili si kweli yote, maana taabu imewavunja wengi moyo. Basi na tuitazame habari ya nchi yetu ya Songea.

Mwaka 1898 Padre Cassian Spiss, Mbenediktini, alianzisha misioni ya Peramiho. Mwaka 1902 akawa askofu. Mwaka 1905 watu wa kusini, wakiwa wamechoshwa na kodi, viboko na kazi za nguvu, walianza vita vya Maji Maji. Askofu alikuwa safarini kutoka Kilwa kwenda Peramiho. Tarehe 14 Agosti akauawa njiani, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Mwezi wa Septemba Peramiho nayo ikateketezwa.

Lakini tusidhani ya kuwa walioteswa ni wamisioni peke yao. Serikali ya Kijerumani ilichoma vijiji na maghala, ikaja njaa kuu. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni zaidi ya 60 walinyongwa Songea, Nkosi Mputa Gama akiwa mmoja wao. Siku chache baadaye akanyongwa nduna Songea Mbano, ambaye mji huu una jina lake.

Kabla ya kunyongwa, wengi wa wafungwa walibatizwa na Padre Johannes Häfliger. Jambo hili ni zito. Aliyewamwagia maji alikuwa Mzungu, na waliowatia kamba walikuwa Wazungu. Wala ubatizo haukuwaondolea kamba ile. Basi nani atasema ya kuwa waliupokea kwa kutaka nguo, au cheo, au kupona? Hawakuwa na kitu kilichosalia ila Mungu.

Jaribu la pili lilikuja kwa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na baada yake. Mapadre Wajerumani waliondolewa nchini. Kama imani ingalikuwa ya kumtegemea Mzungu, ingaliondoka naye. Lakini walimu Waafrika waliendelea kufundisha katekisimu na kuwakusanya watu kusali. Mwaka 1969 Songea ikawa jimbo, na askofu wake akawa Mwafrika, James Komba.

Kwa hiyo tusitamani mateso, wala tusimwambie mwenye njaa ya kuwa njaa ni neema. Huo ni ukatili. Taabu haiumbi imani. Huondoa tu vitu tulivyoviegemea, ndipo mtu hujua kama alikuwa akisali kweli au akisema maneno tu. Tusali basi siku za shibe, ili siku ya dhiki isitukute wageni mbele ya Mungu. Na ifikapo 27 Februari tuwaombee wote pamoja, waliouawa njiani na walionyongwa Songea, maana Baba yao ni mmoja.