Kutoka Taa hadi Mawimbi: Historia ya Ishara za Hali ya Mashine Viwandani, 1924–2010

Maandishi mengi ya usimamizi wa viwanda huieleza historia ya ishara za mashine kana kwamba ni safari iliyonyooka: mwanzo taa, kisha nyaya, hatimaye mawimbi ya redio. Sehemu hii inauhoji mtazamo huo. Kilichobadilika si chombo cha kupelekea habari pekee. Alibadilika pia anayeitoa habari hiyo, na akabadilika anayeipokea.

Mashine ya kufumia ya Aina ya G, iliyokamilishwa nchini Japani na Sakichi Toyoda mwaka 1924, ni mahali pafaapo kuanzia. Uzi wa mtande ulipokatika, mashine ilisimama yenyewe. Kabla ya hapo mfumaji alilazimika kuikodolea macho kazi yake muda wote, maana uzi mmoja uliokatika bila kuonekana uliharibu nguo. Baada ya hapo mfanyakazi mmoja aliweza kuhudumia mashine nyingi, akiiendea ile tu iliyosimama. Kusimama kwenyewe kulikuwa ndiyo ishara. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ilinunua haki za hataza za mashine hiyo.

Taiichi Ohno, aliyetoka katika kiwanda cha nguo na kuhamia Toyota Motor mwaka 1943, aliihamishia fikra hiyo kwenye utengenezaji wa magari. Hapo ndipo ilipozuka andon, jina lililotokana na taa ya jadi ya Kijapani yenye kiunzi kilichofunikwa kwa karatasi. Kwa mujibu wa maelezo ya Ohno mwenyewe, kijani kiliashiria kazi inakwenda sawa, manjano kwamba mfanyakazi anaomba msaada, na nyekundu kwamba mstari wa uzalishaji umesimamishwa. Tofauti na mashine ya kufumia, hapa aliyetoa ishara alikuwa binadamu. Taa ilining'inizwa juu, ikaonwa na wote: fundi, msimamizi na wafanyakazi wenzake.

Je, mamlaka hayo yalikuwa ya kweli? Mike Parker na Jane Slaughter, walioandika mwaka 1988 kuhusu viwanda vya Marekani, hasa NUMMI ya Fremont, California, walikuwa na shaka. Walidai kwamba taa zilizobaki kijani muda wote hazikuwafurahisha mameneja. Zilichukuliwa kuwa dalili kwamba watu wangeweza kupunguzwa au kasi kuongezwa hadi manjano ianze kuwaka. Hoja hii ina uzito, ingawa kwa maoni yangu waandishi hao wanapuuza jambo moja: mfanyakazi aliyeona taa za wenzake zikiwaka alijua kwamba si yeye peke yake aliyelemewa. Ushahidi wa shinikizo ulikuwa hadharani.

Teknolojia isiyotumia waya iliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu vifaa vya kusambaza mawimbi kwa njia ya masafa mapana kutumika bila leseni katika baadhi ya masafa. Hata hivyo, kiwanda ni mahali pagumu kwa redio, kwani chuma huyarudisha mawimbi, yakafika kwa njia nyingi na kwa nyakati tofauti. Vipimo vya Theodore Rappaport katika majengo 5 ya viwanda huko Indiana, alivyovichapisha mwaka 1989, ni miongoni mwa tafiti za mwanzo zilizoieleza hali hiyo kwa takwimu. Kiwango cha IEEE 802.15.4 kilitolewa mwaka 2003, WirelessHART mwaka 2007, na mwaka 2010 WirelessHART ikakubaliwa kimataifa kama IEC 62591. Vifaa vyake hupokezana ujumbe na kubadilisha masafa, hivyo njia moja ikizibwa nyingine hutumika. Mashine kuukuu isiyo na mawasiliano yoyote sasa iliweza kufungiwa kihisio cha umeme au mtetemo, bila kuchimba sakafu ili kupitisha nyaya.

Mashine ikarudi kuwa msemaji, kama mwaka 1924. Lakini hapo kale ilimwambia mfumaji aliye kando yake. Sasa inaiambia ofisi. Kihisio hujua kwamba mashine imesimama saa 4:12, wala hakijui kama fundi amekwenda kutafuta kipuri au amechoka. Sababu huchaguliwa baadaye katika orodha iliyoandaliwa na mtu mwingine, na dakika hizo huingizwa katika kipimo cha ufanisi wa mitambo kilichoenezwa na Seiichi Nakajima.

Mwanahistoria naye hukumbana na tofauti hiyo katika vyanzo vyake. Taa ya andon ilipozimwa haikuacha kumbukumbu. Tunaijua kwa masimulizi ya mameneja, wafanyakazi na wakosoaji. Vihisio vimeacha rekodi ya kila dakika, na rekodi hizo zimehifadhiwa na waajiri, ambao ndio huamua nani azisome.