Baridi Iliyowaweka Trauti Nyandarua

Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi wa Kiingereza aliyepata sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, na kuwaanzisha samaki hao katika mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua. Historia ya trauti wa Kenya husimuliwa kama tendo hilo moja. Kwa maoni yangu, kuwaleta ndiko kulikokuwa kazi nyepesi. Tangu 1864 mayai ya trauti yaliyosafirishwa katika barafu kwa meli Norfolk yalikuwa yamekwisha kufika Tasmania yakiwa hai, na reli ilifika Nairobi mwaka 1899. La kuelezwa ni namna samaki wa nchi za baridi walivyodumu zaidi ya karne moja karibu na ikweta, na jibu lake limo msituni.

Trauti hudhoofika maji yanapopita nyuzi 20 hivi, kwa kuwa kadiri maji yanavyopata joto ndivyo oksijeni inavyopungua. Jike hufukua changarawe, hutaga, kisha huyafunika mayai, nayo hukaa humo wiki kadhaa yakipumua maji yapitayo kati ya mawe. Tope likiziba nafasi hizo, mayai hufa kabla ya kuanguliwa. Vifaranga wanaosalia hugombea mahali pa kujilisha, na wengi hufa mapema. Anayeshindwa husukumwa na mkondo. Katika mito ya Ulaya huenda akafika baharini, akanenepa huko na kurudi kutaga. Kwenye Gura, ambao maji yake huishia Tana, njia hiyo haipo: chini kuna joto, juu kuna maporomoko. Kila mto wa trauti Kenya ni kisiwa cha baridi. Hata ukuaji wa trauti hawa haupimiki kwa urahisi wa Ulaya, ambako majira ya baridi huacha alama kwenye magamba na mtafiti akahesabu umri. Penye usiku na mchana vinavyolingana mwaka mzima, kalenda hiyo hufifia. Kwa sababu hiyo kitabu cha V. D. van Someren cha mwaka 1952 kuhusu baiolojia ya trauti wa Kenya kilihitajika sana.

Wapo watakaosema samaki hawa wamebakizwa na binadamu. Trauti wa upinde wa mvua waliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1910, na kituo cha Kiganjo, Nyeri, kimekuwa kikizalisha vifaranga tangu 1948. Ni kweli, na mchango wa kituo hicho siupuuzi. Lakini Kiganjo chenyewe hutegemea maji baridi ya mlimani, na kifaranga akimwagwa katika maji ya tope yenye joto hafiki mbali. Wengine watataja leseni za uvuvi za enzi ya ukoloni. Nazo zilisaidia, ingawa tusisahau kwamba Wakikuyu, wenyeji wa kingo hizo, hawakuwa na desturi ya kula samaki, kwa hiyo mwanzoni tishio la kuvuliwa kupita kiasi halikuwa kubwa. Sheria iliweza kuzuia ndoana. Kivuli juu ya mto na mizizi inayoshika udongo vilikuwa kazi ya miti.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba trauti ni mgeni, tena mlaji wa wadudu, kaa na samaki wadogo wa mtoni. Nalikubali, wala sitetei apandikizwe katika mito mingine. Hata hivyo, mahali anapotoweka huonyesha joto na tope vimefika wapi, na mito ya milima hiyo hiyo ndiyo inayowapa wakazi wa Nairobi sehemu kubwa ya maji yao. Uzio wa Nyandarua, wenye urefu wa kilomita 400 hivi, ulikamilika mwaka 2009 na unaukinga msitu. Chini ya uzio, kingo hulimwa hadi ukingoni na maji huchotwa kwa umwagiliaji, jambo linaloupandisha mpaka wa joto. Samaki hawawezi kupanda pamoja na mpaka huo bila kikomo, maana maporomoko hayahami. Miti ya kingo hizo za nje ya uzio inahitaji ulinzi sasa, kabla mito hiyo haijapotea.